Chuo Kikuu cha Moi: Rada Yote ya Kampo Iliyozaliwa Kwa Shamba la Miwati

Kila mwaka KUCCPS wakiachilia majina, kuna msee wa Nairobi, Thika ama Mombasa anaona kwa simu kwamba ameitwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Anachora picha kwa akili: jiji la mabingwa, mataa barabarani, keja karibu na supamaketi. Siku ya kuripoti anashuka Eldoret na mizigo yake, makanga anamwambia bado hajafika. Kampasi kuu iko Kesses, kama kilomita 35 kusini mashariki mwa jiji. Na kama alitoka Nai na basi, basi kona yake aliipita kitambo, pale Cheptiret, akiwa amelala fofofo.

Huo umbali haukutokea kwa bahati mbaya. Chuo kiliwekwa mashambani makusudi, na ukishajua hivyo, mambo mengi ya Moi yanaanza kuleta maana: kwa nini madaktari wake hufunzwa vile hufunzwa, kwa nini kimezaa vyuo vingine vingi hivyo, na hata kwa nini leo kinahangaika na doo.

Ripoti moja, mambo mawili

Mpaka miaka ya themanini mwanzo, Kenya ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu cha umma, kile cha Nairobi. Kenyatta wakati huo ilikuwa bado chini ya Nairobi. Watoto waliokuwa wanamaliza shule walikuwa wengi kuliko nafasi, na serikali ilikuwa imechoka na maandamano ya wanafunzi katikati ya jiji. Rais Daniel arap Moi akaunda tume mwaka wa 1981, ikiongozwa na Mkanada anaitwa Colin Mackay, iangalie kama nchi inahitaji chuo cha pili.

Tume ikasema ndio, tena kiwe cha mambo ya sayansi na teknolojia na kishughulikie shida za watu wa mashambani. Lakini haikuishia hapo. Ripoti hiyohiyo ndiyo iliyopendekeza tuachane na mfumo wa zamani wa masomo tuingie 8-4-4. Kwa hivyo kama ulisoma 8-4-4, ukalia na insha na GHC, ujue wewe na Chuo cha Moi mmetoka tumbo moja. Na sasa ndugu mmoja anaaga: KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya 2027, kisha mayut wa CBE wanafuata.

Sheria ya kuanzisha chuo ilipitishwa 1984. Ardhi ya Kesses ilikuwa shamba la miwati la kampuni ya EATEC, ile miti ambayo gome lake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Naibu chansela wa kwanza alikuwa Profesa Douglas Odhiambo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 83 pekee, wote wa kozi ya misitu, na hawakuanza kutoka mwanzo: walihamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasee 83. Leo kuna madarasa ya mwaka wa kwanza yana watu wengi kushinda hao.

Halafu kuna ile stori ya maktaba. Maktaba kuu ya Kesses inaitwa Margaret Thatcher, ndiyo, yule waziri mkuu wa Uingereza, Mama wa Chuma mwenyewe. Alikuja Kenya Januari 1988 na jina likabaki hapo. Fresha wengi hudhani ni utani mpaka waone maandishi. Ukiniuliza mimi, hilo jina linakuonyesha enzi yenyewe kuliko hotuba yoyote: Kenya ya Nyayo ilikuwa na marafiki wakubwa Magharibi, na marafiki hao walikuwa wanatoa doo za kujenga.

Mwaka wa 1990 ndio presha ilifika. Kundi la kwanza la 8-4-4 liligonga mlango wa vyuo, na nafasi hakuna. Moi ikaongezewa Chepkoilel, iliyokuwa chuo cha walimu kaskazini mwa Eldoret, na Maseno huko Kisumu ikawekwa chini yake kama chuo kishiriki. Hapo ndipo tabia ya kuzaa ilianza.

Udaktari wa kufunzwa kijijini

Kama kuna kitu Moi inaweza kujipigia kifua bila mtu kuuliza swali, ni kitivo cha udaktari. Kilipokea darasa la kwanza 1990, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Haroun Mengech. Kabla ya hapo, ukitaka kuwa daktari Kenya ulikuwa unaenda Nairobi, basi.

Lakini waliamua wasiige Nairobi. Badala ya lekchara kusimama mbele masaa mawili akisoma noti, wanafunzi wachache wanakaa mezani wanapewa kisa: mama wa miaka fulani, ana homa, anakohoa wiki tatu, anaishi mahali fulani. Haya, nini inamsumbua? Wanagawana maswali, wanaenda kusoma, wanarudi kubishana. Mwalimu anakaa kando akiwasikiza, anaingilia tu wakipotea njia. Wasee waliozoea kumezeshwa noti sekondari huumia sana mwaka wa kwanza. Wale wanaovumilia hutoka wakijua kufikiria mbele ya mgonjwa.

Sehemu ya pili ni ile inaitwa COBES. Kutoka mwaka wa kwanza, mwanafunzi anatumwa vituo vya afya vya mashambani, aone watu wanakunywa maji gani, choo kiko wapi, mama anatembea umbali gani kufika kliniki. Hii si ziara ya kupiga picha. Unaandika ripoti, unafanya utafiti, unarudi tena mwaka unaofuata. Mtoto wa Buruburu anajikuta kwa zahanati ya kijijini akijifunza salamu za lugha hajawahi kuisikia.

Darasa la wodini lenyewe ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, MTRH, pale Eldoret mjini. Ilianza 1917 kama hospitali ndogo, na 1998 ikapandishwa kuwa hospitali ya pili ya rufaa ya kitaifa baada ya Kenyatta. Watu kutoka Turkana, Pokot, Bungoma, hata Uganda, wanaletwa hapo.

Kisha ukaja ukimwi. Mwisho wa miaka ya tisini wodi zilikuwa zimejaa na dawa za ARV zilikuwa za matajiri. Chuo kilikuwa na urafiki na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani tangu mwanzo, na daktari mmoja wa huko, Joe Mamlin, alikuwa anafanya kazi Eldoret. Karibu mwaka wa 2000 mmoja wa wanafunzi wa udaktari alipatikana amelazwa kwa wodi ileile walikuwa wanafunzwa, amekonda, anakufa. Walimu wakatafuta pesa za dawa zake. Akaamka. Akapona mpaka akawa mfanyakazi wa kuhamasisha wengine. Kutoka hapo, 2001, ukazaliwa mpango wa AMPATH, ambao umetibu watu wengi mno Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Ulipanuka hadi sukari, presha, saratani na mambo ya chakula, kwa sababu waligundua kumpa mtu dawa akiwa na njaa ni kazi bure.

Kozi zingine, harakaharaka

Sheria ilianza 1994, na iko Annex, upande wa mji. Naibu Rais Kithure Kindiki alipata digrii yake ya kwanza ya sheria hapo. Kitivo cha sayansi ya habari kilianza mwisho wa miaka ya themanini, wakati wengi walikuwa hawaelewi kwa nini mtu asomee maktaba na uchapishaji hadi digrii. Leo watu walewale wako kwa data na mitandao. Kuna uhandisi, ualimu, biashara, utalii.

Uhandisi wa nguo una stori yake. Moi ilinunua kiwanda cha Rivatex Eldoret mwaka wa 2007 baada ya kiwanda hicho kufilisika, ili wanafunzi wawe na mahali pa kugusa mashine za ukweli. Kilifufuliwa na mkopo wa India na kufunguliwa tena 2019. Chuo kikuu kumiliki kiwanda cha nguo si kitu unaona kila siku. Wakati wa Jubilee chuo pia kiliungana na kampuni ya Ureno, JP SA Couto, kuunganisha vishikwambi vya shule za msingi. JKUAT nao walipewa sehemu yao. Kama mdogo wako wa darasa la kwanza alishika kile kidude enzi hizo, huenda kilipitia Eldoret.

Na hii ni ya wasomaji wetu kabisa: Idara ya Kiswahili ya Moi ni kati ya zile zilichukulia Sheng kama kitu cha kusoma. Profesa Nathan Ogechi ameandika utafiti kuhusu vile Sheng hutengeneza maneno, kimoja kilitoka 2005. Kwa hivyo mwalimu akikuambia Sheng ni lugha ya wahuni, mwambie polepole kuna profesa anaisomea.

Mzazi wa vyuo

Hesabu na mimi. Maseno ilikua chini ya Moi. Masinde Muliro ya Kakamega pia. Kabianga ya Kericho, Maasai Mara ya Narok, Karatina, Rongo, Alupe ya Busia, zote zilipitia mikono ya Moi kabla ya kujitegemea. Chepkoilel ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka wa 2013, ikaenda na kozi ya misitu. Yaani ile kozi ya wale wasee 83, iliyozaa chuo chenyewe, sasa iko kwa jirani. Na bado watu huchanganya: Chuo Kikuu cha Eldoret si Moi, na Moi iko Eldoret lakini kampasi kuu haiko Eldoret. Angalia barua yako mara mbili kabla ya kulipa nauli.

Mtoto mwingine ni Garissa. Ilikuwa chuo cha walimu, ikawa chuo kishiriki cha Moi 2011, ya kwanza ya umma Kaskazini Mashariki. Alfajiri ya 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliingia hosteli. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa kwa maombi ya asubuhi. Chuo kikafungwa, na mamia ya walionusurika wakaletwa Kesses kuendelea na masomo. Jaribu kuwaza hiyo: umetoka kwa joto la Garissa na hayo yote machoni, unashushwa kwa baridi ya Kesses, unapewa chumba, unaambiwa Jumatatu kuna darasa. Wengi wao walifuzu. Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016, na leo ni chuo kikuu kamili.

Kuzaa huku kote kuna gharama. Kila chuo kikijitenga kinaenda na wanafunzi, majengo na bajeti yake. Mzazi anabaki na wafanyakazi wengi na madeni.

Doo zilienda wapi?

Swali hili ndilo mzazi wako atauliza, kwa hivyo tuchambue.

Kwa miaka mingi vyuo vya umma viliishi kwa paralel, wale wanafunzi wa kujilipia ada nzima. Mwanafunzi wa serikali alikuwa analipa shilingi 16,000 ya masomo kwa mwaka, kiwango kilichokaa hapo tangu miaka ya tisini hata unga ukipanda mara ngapi. Wa paralel ndio walikuwa wanaleta pesa ya ukweli. Moi ikafungua kampasi Nairobi, Mombasa, Kitale, ikaajiri, ikajenga.

Kisha 2016 Fred Matiang'i akafunga mianya ya wizi wa mitihani. KCSE ya mwaka huo ilitoa A 141 pekee nchi nzima, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929. Serikali ikaweza kuwapa karibu wote nafasi za kawaida, tena ikaanza kuwapeleka wengine vyuo vya kibinafsi. Paralel ikakauka kama kisima. Majengo yakabaki, mishahara ikabaki, wateja wakahepa.

Mwaka huohuo wa 2016 kulikuwa na drama nyingine. Profesa Laban Ayiro alipoteuliwa kukaimu kama naibu chansela, wanasiasa wa eneo waliandamana wakitaka mtu wa nyumbani. Ayiro alikaa mpaka muda wake ukaisha. Lakini ile picha ya viongozi wakidai chuo cha kitaifa kama mali ya kaunti ilichafua jina, na sijaona kama imesaidia mwanafunzi hata mmoja kupata chumba.

Mwaka wa 2024 mambo yaliiva vibaya. Wahadhiri wa Moi waligoma juu ya mishahara, makato ambayo hayakufika kwa benki na pensheni, na pesa za makubaliano. Chuo kikafungwa, wanafunzi wakarudi ocha, wakakaa huko wiki baada ya wiki. Deni la chuo lilikuwa linatajwa kwa mabilioni. Mwanzoni mwa 2025 uongozi wa juu ukabadilishwa. Kwa mwanafunzi maana yake ni rahisi: kozi ya miaka minne inaweza kula mwaka wa ziada, na kuna msee alikuwa afuzu aanze kutafuta kazi, sasa yuko kwa kibanda cha mathe akingoja tarehe.

Ongeza hapo mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, ule wa kukuweka kwa kundi kulingana na mapato ya familia. Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024, serikali ikakata rufaa, na wanafunzi wakabaki wakisoma magazeti kujua wanadaiwa ngapi. Ushauri wa bure: ukipangwa kundi ambalo si lako, kata rufaa mapema kwa tovuti ya HEF, na ujaze HELB siku ya kwanza. Foleni ya mwisho huwa noma.

Maisha ya Kesses

Kwanza baridi. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Pwani akija na mashati mepesi atajuta wiki ya kwanza. Beba jaketi ya ukweli, blanketi zito, na viatu ambavyo havilii vikiona matope, maana mvua ya huko ikianza inanyesha kama imelipwa.

Nje ya geti kuna Stage, ambayo ni kijiji kilichokua juu ya mgongo wa wanafunzi: keja za kupanga, vibanda vya chapo madondo, kinyozi, M-Pesa, mahali pa kuchapisha kazi dakika ya mwisho. Chuo kikifungwa, Stage inakufa. Mama mboga anajua tarehe za semista kushinda msajili. Ndiyo maana migomo ikija, wenye keja hulia sawa na wanafunzi, na kelele zao hakuna anayeziandika.

Maziwa ni mengi na ni fresh, hiyo tunawapea. Mursik utaletewa na rumeti wa Nandi ama Kericho akitoka nyumbani. Kataa mara ya kwanza kwa heshima, ya pili onja, ya tatu utaanza kumuuliza anaenda nyumbani lini. Mbio nazo ni za kawaida. Kaptagat, mahali Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi miaka na miaka, si mbali sana, na utakuta mtu anakimbia alfajiri kwa barabara ya Kesses wakati wewe unatafuta soksi ya pili.

Kuna ushindani wa kimyakimya kati ya Kesses na mji. Wa sheria na udaktari wanakaa karibu na Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, wanakula chipsi za taa za neoni na kuringa. Wa Kesses nao husema kampo ya ukweli ni ile huna pa kuhepa: mnajuana, mnapikiana, mnachangiana ada. Nimeskia pande zote mbili na naegemea Kesses, japo mimi sijalala huko mvua ya Julai.

Siasa za wanafunzi ni MUSO. Zamani kila komredi alikuwa anapiga kura moja kwa moja na kampeni zilikuwa kama za ubunge, na magari ya spika. Tangu sheria ya vyuo irekebishwe 2016, unachagua wajumbe, na wao ndio huchagua viongozi. Serikali ilisema ni kupunguza fujo. Makomredi husema ni rahisi kununua wajumbe wachache kuliko chuo kizima. Kampeni zikianza utatambua mwenyewe: ghafla kuna watu wanakusalimia kwa jina.

Jambo la mwisho kuhusu makao. Vyumba vya chuo ni bei nafuu lakini havitoshi kila mtu, na huwekwa kwa mtandao, wa kwanza kufika ndiye anapata. Ukikosa, usitume deposit kwa mtu umempata kwa grupu ya WhatsApp ya mafresha. Nenda Stage mchana, uone mlango, ujaribu bomba kama lina maji, uulize jirani stima hukatika mara ngapi, kisha ndio utoe doo.